Uingereza: Kura Tele, Viti Haba

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai, 2024, matokeo ya uchaguzi mkuu wa Uingereza yalipokuwa yakitangazwa jimbo baada ya jimbo, ulimwengu ulipelekewa habari moja kubwa: Chama cha Labour kimeshinda kwa kishindo, na Chama cha Conservative kilichokuwa madarakani kwa miaka 14 kimeangushwa. Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini nyuma yake palikuwa na habari nyingine ambayo haikupigiwa tarumbeta. Katika kila watu kumi waliopiga kura siku ile, zaidi ya wanne hawakukichagua chama chochote kati ya hivyo viwili vikubwa. Watu hao, ambao ni zaidi ya asilimia 42 ya wapiga kura wote, waliambulia viti 117 tu katika Bunge la Makabwela lenye viti 650. Hesabu hiyo haifikii hata asilimia 20.

Swali linalozuka hapo si la Waingereza peke yao. Je, chama kidogo kina tumaini gani katika nchi ambayo sheria yake ya uchaguzi iliwekwa kana kwamba vyama ni viwili tu? Na kama tumaini hilo ni dogo, ni nani anayelipa gharama yake: ni viongozi wa vyama hivyo, au ni mwananchi aliyejipanga mstarini tangu asubuhi akiamini kwamba kura yake ni sawa na ya jirani yake?

Hapana budi kuanza na takwimu. Katika uchaguzi huo Chama cha Labour kilipata kura milioni 9.7, yaani asilimia 34 hivi ya kura zote, kikapewa viti 411. Chama cha Reform UK, kilichoongozwa na Nigel Farage, kilipata kura zaidi ya milioni 4, ambazo ni asilimia 14, kikapewa viti 5. Chama cha Liberal Democrats kilipata kura milioni 3.5, pungufu ya zile za Reform, lakini kikapewa viti 72. Chama cha Kijani kilipata kura zipatazo milioni 1.9 na viti 4. Kwa hesabu ya kugawanya tu, kila kiti cha Labour kiligharimu kura 24,000 hivi, ilhali kila kiti cha Reform kiligharimu kura zaidi ya 800,000. Mwalimu akiiandika hesabu hii ubaoni, wanafunzi wake watadhani amekosea kuweka nukta.

Hakukosea. Wala hapakuwa na wizi wa kura, wala masanduku hayakupotea njiani. Matokeo hayo yalitokana na sheria iliyofuatwa barabara. Kila jimbo humchagua mbunge mmoja, na anayeshinda ni yule aliyepata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wenzake, hata kama waliomkataa ni wengi kuliko waliomkubali. Katika jimbo la watu 40,000 waliopiga kura, wagombea watatu wakigawana kura 14,000, 13,500 na 12,500, yule wa kwanza huenda Bungeni, na kura 26,000 za wenzake huishia pale pale chumbani mwa kuhesabia. Hazichukuliwi kwenda jimbo jingine, wala hazijumlishwi katika hesabu ya taifa zima.

Kutokana na utaratibu huo, jambo linaloamua bahati ya chama kidogo si wingi wa wafuasi wake bali ni mahali wanapoishi. Chama chenye wafuasi wachache waliosongamana katika wilaya chache kitapata viti. Chama chenye wafuasi wengi waliotapakaa nchi nzima kitapata sifa ya kuwa wa pili na wa tatu kila mahali. Ushahidi wa jambo hili ni wa miaka mingi. Mwaka 1983 muungano wa vyama vya Liberal na Social Democratic ulipata asilimia 25 ya kura zote na Chama cha Labour kilipata asilimia 28 hivi. Tofauti ilikuwa ndogo sana. Hata hivyo Labour ilipewa viti 209, na muungano ule ukapewa viti 23. Mwaka 2015 chama cha UKIP kilipata kura karibu milioni 3.9 na kiti kimoja tu, ilhali Chama cha Kitaifa cha Scotland, SNP, kwa kura zisizofika milioni 1.5, kilinyakua viti 56 kati ya 59 vya Scotland.

Katika hali kama hiyo, chama kidogo cha Uingereza kina njia tatu za kujinusuru, na kila njia ina malipo yake.

Njia ya kwanza ni kulima shamba dogo na kulilima vizuri. Liberal Democrats walijifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 2019 walipata kura milioni 3.7 wakaambulia viti 11. Mwaka 2024 walipata kura pungufu ya hizo, lakini viti vyao vikapanda hadi 72. Hawakuwa wamependwa zaidi na taifa. Walichofanya ni kuelekeza nguvu zao katika majimbo waliyoona yanashindika, hususan ya kusini mwa England yaliyokuwa ngome za Conservative, na wapiga kura wa vyama vingine wakawaunga mkono huko ili kumwondoa mbunge aliyekuwapo. Ni ushindi wa halali. Lakini ni ushindi unaowataka wasahau wafuasi wao walioko katika mamia ya majimbo mengine. Mwananchi aliyezaliwa mahali pasipofaa kwa chama chake hatembelewi, hasikilizwi, wala hahesabiwi.

Tena shamba hilo laweza kugeuka mbuga kwa msimu mmoja. SNP iliyotamba mwaka 2015 ilikuwa na viti 48 baada ya uchaguzi wa mwaka 2019. Mwaka 2024 bado ilipata asilimia 30 ya kura za Scotland, na Labour ikapata asilimia 35. Tofauti ya pointi tano ilitosha kuiachia SNP viti 9 na kuipa Labour viti 37. Sheria iliyombeba mnyonge jana ndiyo iliyombwaga leo.

Njia ya pili ni kushika ulimi wa mizani pale ambapo hakuna chama kikubwa kilichopata wingi wa viti. Nafasi hiyo ilitokea mwaka 2010. Liberal Democrats, wakiwa na viti 57, waliingia katika serikali ya mseto pamoja na Chama cha Conservative, na kiongozi wao Nick Clegg akawa Naibu Waziri Mkuu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao waliinama mno. Wagombea wao walikuwa wameahidi kwa sahihi zao kwamba watapinga kuongezwa kwa ada za vyuo vikuu. Kabla mwaka ule haujaisha, serikali waliyomo ikapitisha uamuzi wa kuruhusu ada zipande hadi paundi 9,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya zilivyokuwa. Wanafunzi na wazazi hawakusahau. Mwaka 2015 Conservative walishinda viti vya kutosha kutawala peke yao, na Liberal Democrats wakarudi Bungeni wakiwa 8.

Chama cha DUP cha Ireland ya Kaskazini nacho kilionja utamu huo mwaka 2017, kilipoiunga mkono serikali ya Theresa May kwa viti vyake 10 na kupatiwa paundi bilioni moja za ziada kwa ajili ya eneo lake. Miaka miwili baadaye Boris Johnson alikubaliana na Umoja wa Ulaya juu ya mpango wa forodha ambao DUP waliupinga kwa nguvu zote. Alipopata wingi mkubwa wa viti katika uchaguzi wa Desemba 2019, hakuwa na haja nao tena. Mdogo anayeshikilia mizani huheshimiwa maadamu mizani imesawazika, na siku itakapolemea upande mmoja hakuna atakayemkumbuka.

Njia ya tatu ni kuwatisha wakubwa. Chama kidogo kinaweza kukosa viti vyote na bado kikabadili mwelekeo wa nchi, iwapo chama kikubwa kitaingiwa na hofu ya kunyang'anywa wafuasi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa suala la kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mwezi Januari 2013 Waziri Mkuu David Cameron, akisukumwa na wabunge wake na kuiogopa UKIP, aliahidi kura ya maoni. Mwaka uliofuata UKIP ikaongoza katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya nchini Uingereza, uchaguzi ambao viti vyake viligawanywa kwa uwiano wa kura. Tarehe 23 Juni, 2016, asilimia 52 hivi ya wapiga kura waliamua nchi yao itoke. Chama ambacho hakikuwahi kupata zaidi ya kiti kimoja katika uchaguzi mkuu kilikuwa kimesaidia kuleta badiliko kubwa kuliko yote yaliyoletwa na serikali nyingi zilizokuwa na mamia ya viti.

Wapo wanaoutaja mfano huo kama faraja kwa vyama vidogo. Ni faraja yenye dosari. Chama kinachoshawishi bila kutawala hakiulizwi jinsi ahadi zake zitakavyotekelezwa. Mzigo wa utekelezaji huangukia watumishi wa serikali na wananchi, na wenye wazo hubaki nje wakilalamika kwamba halikutekelezwa ipasavyo. Demokrasia inataka mwenye kauli awe pia mwenye dhamana.

Zaidi ya njia hizo tatu upo mfano mmoja mkubwa wa chama kidogo kilichokua hadi kuchukua nafasi ya mkubwa, nacho ni Chama cha Labour chenyewe. Kilipoundwa mwaka 1900 kwa jina la Kamati ya Uwakilishi wa Wafanyakazi kilipata wabunge wawili. Mwaka 1903 kilipatana kwa siri na Chama cha Liberal kwamba wasigombanie baadhi ya majimbo, na mwaka 1906 kikapata wabunge 29. Nyuma yake kilikuwa na vyama vya wafanyakazi, vyenye wanachama na michango katika viwanda na migodi. Mwaka 1916 Waliberali waligawanyika kati ya Asquith na Lloyd George. Mwaka 1918 haki ya kupiga kura ilipanuliwa kwa wanaume wote wazima na kwa wanawake wengi waliotimiza miaka 30. Mwezi Januari 1924 Ramsay MacDonald akaunda serikali ya kwanza ya Labour. Chama cha Liberal, kilichokuwa kimetawala dola kubwa kuliko zote duniani, kilibakiwa na viti 6 mwaka 1951.

Historia hiyo inafundisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba chama hakikui kwa hotuba za kiongozi mmoja bali kwa kuwa na kundi la watu wanaokiona kuwa ni chao, waliojipanga mahali wanapofanyia kazi na wanapoishi. La pili ni kwamba mkubwa huanguka aghalabu kwa sababu ya nyufa za nyumbani mwake. Vyama vidogo vya siku hizi vinavyotegemea jina la mtu na kelele za msimu havina budi kuyazingatia yote mawili.

Basi kwa nini sheria yenyewe isibadilishwe? Waswahili husema mwamba ngozi huvutia kwake. Wenye uwezo wa kuibadili sheria ya uchaguzi ni wale walioingizwa Bungeni na sheria hiyo hiyo. Mwaka 1997 Chama cha Labour kiliahidi kura ya maoni juu ya utaratibu wa uchaguzi. Kikapata viti 418, tume ikaundwa, taarifa yake ikatolewa mwaka 1998, na kura ya maoni haikuitishwa. Mwaka 2011 Liberal Democrats walifanikiwa kupata kura ya maoni, lakini si juu ya uwakilishi wa uwiano waliokuwa wakiutaka siku zote. Ilihusu utaratibu wa kuwapanga wagombea kwa namba kufuatana na chaguo la mpiga kura, jimbo likibaki na mbunge mmoja. Chini ya nusu ya waliojiandikisha ndio waliojitokeza, na asilimia 68 kati yao wakaukataa. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa Labour ulipitisha azimio la kuunga mkono uwakilishi wa uwiano. Katika ilani ya mwaka 2024 azimio hilo halikuonekana.

Watetezi wa sheria iliyopo wana hoja zao, na si haki kuzipuuza. Husema kwamba kila mwananchi anamjua mbunge wake na anajua pa kupeleka shida zake. Husema kwamba serikali inakuwa imara, na kwamba vyama vyenye siasa kali huzuiwa mlangoni. Hoja ya kwanza ina uzito wa kweli. Hoja ya pili imechakaa. Kati ya mwaka 2016 na mwaka 2024 ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza ilikaliwa na watu sita, na wala haikuwa kwa sababu ya vyama vidogo. Hoja ya tatu inastahili kuangaliwa kwa hadhari kubwa kuliko zote, kwa kuwa ukuta unaomzuia mgeni asiingie ndio huo huo unaomlinda akishaingia.

Katika uchaguzi wa mwaka 2024 chama cha Reform kilishika nafasi ya pili katika majimbo 98. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 1 Mei, 2025, kilishinda viti 677 na kutwaa halmashauri 10, na siku hiyo hiyo kikashinda uchaguzi mdogo wa jimbo la Runcorn na Helsby kwa tofauti ya kura sita. Kura za nchi zinapogawanyika kati ya vyama vinne au vitano, hakihitajiki tena chama kinachopendwa na nusu ya watu. Theluthi moja inatosha kupata utawala wote, kama Labour yenyewe ilivyoonyesha. Ikumbukwe kwamba mwaka 2019 Labour ilipata kura zaidi ya milioni 10 ikashindwa vibaya, na mwaka 2024 ikapata kura pungufu ya hizo ikashinda kwa kishindo. Hakikuwa chama kilichoongezeka bali wapinzani wake waliogawanyika. Chama kikubwa kinachokataa kuitengeneza sheria hiyo wakati kinafaidika nayo kinamnolea kisu mtu asiyemjua.

Kwamba jambo hili lawezekana kubadilishwa kwa amani, New Zealand ni shahidi. Nchi hiyo ilirithi utaratibu wa Uingereza bila kuupunguza. Mwaka 1978 na mwaka 1981 chama kilichopata kura chache kuliko mpinzani wake kilipata viti vingi na kutawala. Wananchi walichoshwa, wakadai, na katika kura ya maoni ya mwaka 1993 wakachagua utaratibu unaochanganya wabunge wa majimbo na wabunge wa uwiano. Ulianza kutumika mwaka 1996, na nchi haikusambaratika. Hata ndani ya Uingereza yenyewe, Bunge la Scotland lilianza mwaka 1999 kwa utaratibu wa mchanganyiko kama huo. Ni katika Bunge hilo SNP ilikomaa na kushika serikali mwaka 2007, kabla haijapata nguvu kubwa Westminster. Anayesema haiwezekani hana haja ya kusafiri mbali.

Wala msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuliona suala hili kuwa la ng'ambo. Waingereza waliusafirisha utaratibu huu pamoja na bendera yao. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, chini ya utawala wao, chama cha ASP kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini kwa kuwa kura hizo zilirundikana katika majimbo machache kilipewa viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP vilivyoshirikiana vilipewa viti 18, na serikali yao ndiyo iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba, 1963. Haikumaliza miezi miwili. Sababu za Mapinduzi ya Januari 1964 zilikuwa nyingi na mizizi yake ilikuwa mirefu, lakini hesabu ile ni ushahidi kwamba sheria ya kuhesabu kura si jambo dogo la makarani. Wengi wakiambiwa kwamba ni wachache, hawataacha kuhesabu tena kwa vidole vyao wenyewe.

Mustakabali wa vyama vidogo vya Uingereza, kwa hiyo, hautaamuliwa na ufasaha wa viongozi wao. Baadhi vitadumu kwa kujikita mahali pamoja. Baadhi vitameng'enywa na vyama vikubwa vitakavyochukua sera zao na kuziacha bendera zao. Na yamkini kimoja kitapenya, na siku hiyo kitaisifu sheria ambayo jana kilikuwa kikiilaani, kama walivyofanya waliotangulia. Jambo la kupimwa si kama chama hiki au kile kimepata haki yake, kwa maana vyama huja na kupita. La kupimwa ni kama mkulima wa Lincolnshire, muuguzi wa Bristol na mwalimu wa Glasgow wanapotumbukiza karatasi zao sandukuni wanapewa uzito ulio sawa.

Watumishi wa umma na walimu, ambao katika nchi nyingi ndio wanaokaa vituoni kuhesabu kura na ndio wanaowaeleza watoto maana ya kura, wanalijua jambo hili kuliko wanasiasa. Kura iliyohesabiwa kwa uaminifu chini ya sheria iliyopinda hutoa jibu lililopinda. Uaminifu wa karani hauwezi kuinyoosha. Kazi ya kuinyoosha ni ya wananchi wenyewe, na wakati wa kuifanya ni kabla ya matokeo kutangazwa, ambapo hakuna bado ajuaye ngozi itavutwa upande gani.